Betri Mbili za Volti Sita

Rafiki yangu Jerka alirudi kwetu Betina, mji mdogo wa pwani, mwezi wa tano mwaka 2019, baada ya miaka thelathini na miwili ya kuishi Australia. Nilimpokea kituo cha basi. Alishuka na sanduku moja kubwa na miwani ya jua, akanikumbatia, akaninusa shingoni kama mtu anayenusa mkate wa moto, na jambo la kwanza kuniuliza likawa hili:

"Mashua ya baba bado ipo?"

"Ipo. Imechoka kama mimi."

"Basi tunaenda Lastovo."

Ilibidi nicheke. Maneno hayo hayo aliyasema mwaka 1986, tukiwa na miaka ishirini na mitatu, tumekaa juu ya makreti nje ya kiwanda cha dagaa tulikokuwa tukifanya kazi, mikono inanuka mafuta na chumvi. Baba yake, Mzee Krsto, alikuwa fundi wa mashua za mbao. Ile mashua ya tanga aliijenga kwa mikono yake na kuipa jina la marehemu mkewe, Tekla. Tulimwambia tunakwenda visiwa vya karibu tu, siku mbili. Tukakaa siku tisa.

Umeme wetu wote safari ile ulikuwa betri moja ya trekta, tuliyoiazima kwa mjomba wake bila mjomba kujua. Iliwasha taa jioni mbili, ya tatu mwanga ukawa mwekundu kama ncha ya sigara, ya nne ikakata roho. Hatukujali. Tulikuwa na mishumaa, nyanya, mkate, dagaa wa chumvi na redio ndogo ya betri za tochi. Lastovo wakati ule kilikuwa kisiwa cha jeshi, mgeni kutoka nje haruhusiwi kukanyaga, na askari waliokuwa zamu gatini walikuja kukagua vitambulisho vyetu mara tatu kwa siku, na si kwa sababu ya usalama wa taifa. Jerka aliimba, mimi nikakaanga samaki waliotuletea. Nimeolewa, nimezaa, nimezika. Lakini mtu akiniuliza ni lini nilifurahi bila kuwaza kesho, naziona zile siku tisa.

Mwaka uliofuata Jerka akaondoka. Alisema anakwenda miaka miwili, atafute pesa. Akapata kazi jikoni kwenye hospitali, akapata mume, akapata watoto wawili, akampoteza mume kwa mwanamke mwingine. Huku kwetu vita vikaja. Mzee Krsto akatuuzia mashua mimi na mume wangu Frane, kwa dinari ambazo wiki ya pili zisingenunua hata kilo ya dagaa, na mwaka 1993 akafariki. Jerka hakuja kuzika. Barua yake ilifika baada ya miezi miwili.

Frane naye alinitoka mwaka 2015. Tangu hapo Tekla ilikaa imefungwa gatini. Kila Jumapili nilikwenda kukumba maji yaliyoingia, nikapangusa meza, nikakaa kidogo, nikarudi nyumbani. Sikutweka tanga hata mara moja.

Kwa hiyo Jerka alipopanda ile mashua na kubonyeza swichi ya taa, hakuna kilichowaka.

Nikamwita shemeji yangu Bepo, mdogo wa Frane, aliyekuwa fundi umeme wa meli za mizigo kwa miaka thelathini. Bepo ana tumbo la mtu aliyelishwa vizuri na mpishi wa melini, na mdomo wake haupumziki. Alikuja na mita yake, akachuchumaa kwa shida mbele ya kisanduku cha betri chini ya ngazi ya kushukia chumbani.

"Volti kumi na mbili nukta tatu," akasema.

"Si mbaya," nikasema.

"Subiri, shemeji, usifurahi mapema kama siku ya harusi yako." Akaunganisha balbu kubwa ya gari. Balbu ikawaka, ikafifia, na namba kwenye mita zikashuka, kumi na moja, kumi, tisa. "Umeona? Ukimsalimia anaitika vizuri. Mpe ndoo abebe, analala chini. Hizi ni marehemu, zote mbili. Na tangu mwanzo hazikuwa za kazi hii. Hizi ni betri za kuwashia gari. Zinatoa nguvu nyingi kwa sekunde tatu, halafu zinataka kupumzika. Wewe na Frane mlizinyonya taratibu siku nzima, zikafa kifo cha mateso."

"Frane alizipata kwa bei nzuri."

"Ndugu yangu alipata kila kitu kwa bei nzuri, isipokuwa wewe."

Jerka alicheka mpaka akashika mlingoti. Nilimtazama akicheka, nikaona lile pengo dogo kati ya meno yake ya mbele bado lipo.

Bepo akatupa karatasi. "Andikeni mnataka kuwasha nini. Kila kitu. Halafu ndipo tuzungumze betri. Watu wananunua betri kwanza, wanahesabu baadaye, kisha wanalia."

Jerka akaandika friji, taa, redio ya mawasiliano, usukani wa umeme, simu, mashine ya kahawa, kikausha nywele.

"Kikausha nywele?" Bepo akavua miwani. "Dada, upepo unautafuta mashuani?"

"Nina miaka hamsini na sita, Bepo. Nina haki ya kupendeza."

"Kapendeze kwa kitambaa. Hicho peke yake kinakula kwa dakika kumi anachokula mwenzake friji kwa saa kadhaa." Akakifuta, na mashine ya kahawa akaifuta, maana jiko la gesi lipo. Akahesabu vilivyobaki. Friji ndogo, ampea-saa thelathini kwa siku nzima. Usukani wa umeme, kumi na mbili. Taa mpya za kisasa, redio na simu, kumi. "Hamsini na mbili. Chukulieni hivi, betri ni pipa, na nyinyi mnachota lita hamsini na mbili kila siku. Lakini pipa la betri za madini ya risasi, kama hizi, usilikaushe kamwe. Ukivuka nusu, unaliua. Mkitaka kukaa siku mbili ghubani bila jua na bila kuwasha injini, mnahitaji pipa la zaidi ya mia mbili. Ile paneli ya sola aliyoiacha Frane itawasaidia jua likiwepo. Injini iwe na betri yake ndogo peke yake, isiguswe na kitu kingine. Friji ikimaliza umeme mtakula samaki wa joto. Injini ikikosa umeme mbele ya mwamba, mtaliwa nyinyi na samaki."

Siku ya pili mimi na Jerka tukaenda duka la vifaa kule bandari ya mashua za kitalii. Muuzaji alikuwa kijana mtanashati, shati jeupe, harufu nzuri. Alituonyesha betri za lithiamu. Nyepesi, zinachotwa karibu zote bila kufa, zinadumu miaka. Sikatai, ni betri nzuri. Ila akaendelea kueleza kwamba chaja yetu ya zamani haitafaa, na waya unaotoka kwenye injini utahitaji kifaa cha katikati, na kifaa kingine cha ulinzi, na fundi wa kufunga. Mwisho akageuza kompyuta yake tuone. Elfu ishirini na mbili, kwa kuna, fedha yetu ya wakati ule.

Mshahara wangu wa hotelini, nilikofanya usafi, ulikuwa kuna elfu tano kasoro kwa mwezi.

"Na zile kavu?" nikauliza. "Zile zilizozibwa, za risasi?"

Mbili za kutosha, elfu nne na mia sita. Hata hizo zilinipita.

Jerka alikuwa ameshatoa kadi yake. "Tunachukua lithiamu."

"Jerka, irudishe mfukoni."

"Niache nilipe. Pesa ninayo."

"Mashua ni yangu. Sitaki kitu ndani yake ambacho siwezi kukilipia nusu."

Tulitoka nje tukibishana, na kule nje, mbele ya watalii wanaokula aiskrimu, yakatoka mengine.

"Mashua ni ya baba yangu!" akasema.

"Baba yako alikuwa na binti. Nilimwogesha mimi siku zake za mwisho. Wewe ulituma kadi ya Krismasi yenye picha ya kangaruu."

Neno likishatoka halirudi mdomoni. Jerka alivaa miwani yake, akapanda basi peke yake. Siku tatu hatukusemeshana. Alikaa kwa binamu yake, katika ile nyumba ya zamani ya Mzee Krsto, mitaa miwili tu kutoka kwangu. Nikipita naona dirisha liko wazi na sauti ya redio, nami naangalia mbele kama askari wa gwaride.

Jumamosi nikaenda kazini. Msimu ulikuwa unaanza, na mimi kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa mtu wa usafi wa hoteli ileile. Miaka saba ya mwisho kazi yangu kubwa ilikuwa kuendesha mashine ya kuosha sakafu, ile unayosimama nyuma yake kama mtu anayelima na trekta dogo. Ukumbi, korido, chumba cha chakula, saa tano kila siku. Kila Jumamosi nafunua kiti chake, nafungua vifuniko vya betri, natia maji ya betri kwenye kila tundu mpaka usawa wake, napangusa ukungu mweupe kwenye vichwa vya waya.

Nilikuwa nimeinama na chupa ya maji ndipo nikasoma maandishi niliyoyapita macho miaka saba. Volti sita. Ampea-saa mia mbili na ishirini.

Betri nne. Zilikuwa mpya siku ile mashine ilipoletwa, na bado ni zilezile. Kila siku zinachotwa polepole saa tano, kila jioni zinachajiwa. Hakuna aliyezibembeleza isipokuwa mimi na chupa yangu.

Niliweka chupa chini, nikampigia yule bwana wa mjini Šibenik anayekuja kutengeneza mashine zetu.

"Bwana, hizi betri za mashine ya sakafu, ukiuza mpya ni kiasi gani?"

"Hoteli inataka kubadilisha?"

"Hapana. Mimi ndiye ninayetaka. Mbili."

"Mama, unataka kuosha sakafu nyumbani kwako kwa betri?"

"Nataka kuosha bahari. Sema bei."

Kila moja, kuna elfu moja mia mbili na hamsini. Mbili, elfu mbili na mia tano. Nikamshukuru, nikamaliza ukumbi kwa mwendo ambao meneja alitoka ofisini kutazama kuna nini.

Bepo alinisikiliza akiwa bustanini kwake anafunga mizabibu, na alianza kutikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Za maji? Shemeji, hizo zina tindikali. Mashua ikilala upande, zitamwagika."

"Mashua inalala upande, haipinduki. Tutazifunga kwa mikanda ndani ya beseni zito la plastiki lenye kuta ndefu. Kikimwagika kitone, kitabaki ndani ya beseni."

"Zikichajiwa zinatoa gesi. Gesi inayolipuka."

"Najua. Hotelini tunachajia chumba chenye dirisha wazi. Kisanduku tutakitoboa, tuweke mpira wa kutoa hewa mpaka nje. Wewe utatoboa."

"Kila moja ina kilo thelathini!"

"Wewe una mia na kumi na bado mashua inakubeba."

Akaacha mizabibu. "Mimi nimezunguka dunia mara nne na umeme wa meli mkononi. Leo nifundishwe betri na mwosha sakafu?"

"Miaka saba, Bepo. Betri nne, hakuna iliyokufa. Wewe nyumbani kwako tochi inadumu wiki ngapi?"

Nilimwona midomo inacheza, anahesabu. Mbili za volti sita ukiziunga mkia kwa kichwa, volti zinajumlishwa zinakuwa kumi na mbili, na pipa linabaki lilelile, mia mbili na ishirini. Nusu yake mia na kumi. Siku mbili kwa friji, taa na usukani, na kikombe kidogo cha akiba. Chaja ya zamani inafaa, maana nayo ni ya betri za risasi. Hakuna kifaa cha katikati wala fundi wa kulipwa.

"Sahani zake za ndani ni nene," akasema mwishowe, kama mtu anayekiri kosa kwa padri. "Ndiyo maana zinavumilia kunyonywa. Kazi ileile." Kisha akanigeukia. "Frane angejivunia."

"Frane angeuliza kama kuna zilizotumika."

"Kweli kabisa," Bepo akasema, tukacheka.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko betri. Nilikwenda kwenye ile nyumba. Jerka alikuwa amekaa barazani, kwenye kiti cha baba yake, anamenya maharage mabichi ya mwezi wa tano. Hakusimama. Alinisogezea bakuli, nikakaa, nikaanza kumenya. Tulimenya bakuli zima.

"Ile kadi ya kangaruu," akasema baadaye. "Duka lilikuwa na hiyo tu. Mtoto alikuwa na homa, nilikuwa nimetoka zamu. Nilidhani itamchekesha baba."

"Ilimchekesha. Aliibandika ukutani. Nilikuwa na hasira tu, shoga yangu."

"Alinisema vibaya?"

Kuna jambo sikuwahi kumwandikia, kwa sababu kila nilipolianza barua ilinishinda. Nikamwambia. Kiangazi chake cha mwisho Mzee Krsto hakuweza tena kusafiri, lakini kila jioni alikwenda gatini kwa mkongojo na kuwasha taa ya juu ya mlingoti wa Tekla. Ilikula betri vibaya sana. Kila baada ya siku chache Frane aliibeba kwenye toroli kuipeleka nyumbani kuchaji, na umeme wenyewe wakati wa vita ulikuwa wa kubahatisha. Siku moja Frane akamwambia, Mzee, mashua imefungwa gatini, taa ya nini? Akajibu kwamba basi likishuka kile kilima cha kuingia mjini, abiria wa upande wa kulia wanauona mlingoti kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Jerka aliweka bakuli chini. Alilia kwa muda mrefu, bila sauti, anafuta macho kwa viganja vyenye rangi ya kijani ya maganda. Sikumwambia nyamaza.

"Nilikuja na kadi ya benki," akasema alipoweza. "Sikujua nije na nini kingine. Nilisema nitaitengeneza mashua yote, iwe mpya, nitakuwa nimefanya kitu."

"Unaweza kufanya kitu. Nimepata betri. Moja kuna elfu moja mia mbili na hamsini. Moja nunua wewe, moja mimi."

"Za wapi?"

"Za mashine ya kuosha sakafu."

Alinitazama kuona kama natania. Kisha akacheka na machozi yake. "Vinka, mimi jikoni kule hospitalini nimesukuma mashine hizo miaka ishirini. Nilikuwa nazitukana kila asubuhi!"

Zilikuja Alhamisi, na gari la yule bwana wa Šibenik halikuweza kupita kwenye vichochoro vyetu. Tukazipakia kwenye toroli, moja moja. Mimi nasukuma, Jerka anashikilia asianguke mtu wala betri. Wanawake wawili wa miaka hamsini na sita, kila baada ya hatua thelathini tunapumzika.

"Mnamzika nani?" mama mmoja akauliza kutoka dirishani.

"Wewe, ukiendelea kuuliza!" Jerka akamjibu, na mama yule akapiga kelele ya furaha: "Yesu na Maria, huyo ni Jerka wa Krsto!" Kabla hatujafika gatini nusu ya mtaa ulikuwa nyuma yetu unatoa ushauri.

Betri zilikuwa ndefu kuliko kisanduku kwa vidole vitatu. Bepo akapima, akapima tena, akakuna kichwa. Ilibidi kukata kipande cha ngazi, ile ngazi ya mwaloni aliyoichonga Mzee Krsto. Hakuna aliyetaka kuugusa ule msumeno. Bepo akasema tutafute njia nyingine, labda kuzilaza, mimi nikamwambia betri za maji hazilazwi. Tukabaki tunaiangalia ngazi.

"Nipeni," Jerka akasema.

Alipiga magoti, akachora mstari kwa penseli, akapuliza vumbi. Hakuwa ameshika msumeno tangu msichana. Alianza taratibu, kisha mkono ukakumbuka, kiwiko kikaingia karibu na ubavu kama alivyokuwa akifanya baba yake, na mti ukakatika wima, bila kuchanika. Alipapasa pale alipokata kwa kidole gumba.

"Si mbaya," akasema.

"Baba yako angesema mbaya," nikamwambia.

"Baba angesema mbaya, halafu angemwita jirani aje kuona."

Bepo akaifungia injini betri ndogo aliyoitoa kwake, akafunga mikanda, akapitisha mpira wa hewa, akaweka fyuzi nene karibu na betri, akaunganisha mkia wa yangu na kichwa cha ya Jerka. Mita ikasoma kumi na mbili nukta saba. Akaunganisha balbu yake ya gari. Namba zikatikisika kidogo, zikasimama palepale. Tuliikodolea macho kwa dakika nzima.

"Sawa," Bepo akasema. "Mwosha sakafu kashinda. Nipeni mvinyo."

Tukaondoka katikati ya mwezi wa sita. Siku ya kwanza tulilala kisiwa cha Žirje, ya pili kisiwa cha Vis, ya tatu mchana tukaingia Lastovo. Kila asubuhi kabla ya kahawa Jerka alisoma mita na kuandika kwenye daftari kwa uso wa daktari wa wodi. Friji ilinguruma. Tulikuwa na siagi ngumu, tikiti baridi, na samaki wa jana ambaye bado anaweza kuliwa. Mwaka 1986 tungemwita mtu wa namna hiyo tajiri.

Ila sitadanganya, Lastovo haikuwa ile. Pale walipokuwa wakisimama askari pana mkahawa wenye mito myeupe kwenye viti. Ghuba tuliyokuwa tukiogelea sasa ina maboya ya kulipia, na mtu anakuja na boti ya mpira na mashine ya kadi. Jerka alitaka kuona jabali alilokuwa akirukia majini. Tukalitafuta asubuhi nzima kwa mguu, jua linatuchoma, tukapata mawe matatu yanayofanana, kila mmoja wetu akaapa kwamba lake ndilo. Mwisho tukakaa kwenye la tatu ambalo hakuna aliyelidai.

"Nilidhani nitalikuta," akasema. "Kule, nikiwa nimechoka, nilikuwa nafumba macho naliona mpaka ule ufa wake."

"Labda ufa ulikuwa wa jiwe langu."

"Wa jiwe lako ulikuwa upande mwingine, mjinga wewe."

Tukakaa miguu ndani ya maji. Alianza kuimba, sauti imeshuka, imekuwa nzito, na maneno ya ubeti wa pili hakuyakumbuka, nami pia sikuyakumbuka, tukatia la la la mpaka mwisho.

Siku ya tano walikuja majirani zetu wa ghubani, mume na mke, Wacheki kutoka Brno, kwa kimashua chao cha kupiga makasia, wameshikilia nyaya za kuunganishia betri na nyuso za aibu. Walikuwa wameacha friji mbili na muziki vikiwaka siku mbili bila kuwasha injini, yote ikichota betri moja, ileile ya injini. Injini haiwaki. Kicheki na lugha yetu ni kama mabinamu, tulielewana nusu kwa maneno na nusu kwa mikono. Tukaisogeza Tekla ubavuni mwao, Jerka akaunganisha nyaya, nyekundu kwanza, kama alivyofundishwa na Bepo. Injini yao ikapiga kelele, ikashika.

Yule mume akaomba aone betri zetu. Jerka akainua kifuniko, akaweka mkono kiunoni, akaanza mhadhara: pipa, nusu, mkia na kichwa, maji kila wiki, hewa. Akamaliza kwa kuigiza mtu anayesukuma mashine ya sakafu, anakwenda na kurudi kwenye sitaha yetu fupi, huku akitukana kwa Kiingereza cha jikoni. Mke wa yule bwana alicheka mpaka akakaa chini. Walitupa chupa ya pombe ya plamu na keki nusu, tukala nao mpaka jua likawa kichwani.

Tulirudi Betina siku ya kumi na moja. Tiketi yake ya ndege ilikuwa ya mwezi wa saba. Akaisogeza mpaka wa tisa, kisha akasema anangoja mavuno ya zeituni, na mwezi wa kumi na moja alikuwa juu ya ngazi kwenye shamba langu, kitambaa kichwani, anachuma kwa mikono miwili na kulalamika kwamba nimepogoa vibaya. Akaondoka wiki moja kabla ya Krismasi kwenda kuwaona watoto.

Mwezi wa pili mwaka 2020 akarudi, "kwa wiki sita tu, Vinka, nimsaidie binamu kupaka rangi nyumba." Mnajua kilichotokea mwaka ule. Mipaka ikafungwa, ndege zikasimama, na wiki sita zikawa miaka miwili. Mipaka ilipofunguliwa mwanawe wa kiume akampigia simu kumuuliza anarudi lini. Nilikuwa nimekaa hapo barazani, nilisikia. Jerka alimwambia kuku wanataga vizuri sasa, si wakati mzuri wa kuwaacha, aje yeye.

Alikuja, na mkewe na binti zao wawili. Wasichana wale hawajui hata salamu yetu moja vizuri, lakini wiki ya pili nilimsikia mdogo akigombana na muuza samaki kuhusu mizani, kwa kidole na kwa macho, na bibi yake amesimama nyuma, amekunja mikono, anamwachia.